Tandiko la Ndola lisubiri: jibu kwa mama mwenye poni wa mgongo bapa

Mama mmoja wa Lubumbashi, mtaa wa Golf, ameniandikia hivi:

"Habari ya kazi, fundi. Binti yangu ana miaka 11 na uzito wa kilo 36. Ana poni anayeitwa Mukuba kwa sababu ya rangi yake ya shaba: dume aliyehasiwa, miaka 5, kimo sentimita 132, tuliyemtoa Zambia mwaka jana. Yuko mazoezini tangu mwezi wa nne. Mgongo wake ni bapa kama meza, tumbo ni pana, na kila tandiko tunaloazima linaishia shingoni. Mwalimu alisema tuongeze tapi ya pili, kile kitambaa cha chini ya tandiko. Tukaongeza. Sasa akiona tandiko analaza masikio, na kwenye galo, yaani akikimbia mbio, anarusha miguu ya nyuma. Kuna mtu wa Ndola, huko Zambia, anauza tandiko la inchi 16, limeandikwa M, anasema linamfaa poni yeyote. Tulinunue? Au tuagize la kupimwa kutoka Ulaya?"

Mama, la Ndola usilinunue bado, na la Ulaya usiliagize kabisa mwaka huu. Ila kuna jambo la kufanya leo jioni kabla ya hayo yote: toa ile tapi ya pili, na mtoto asimpande Mukuba kwa tandiko lolote mpaka tujue mgongo wake umekaaje. Najua litamuuma binti. Lakini poni aliyekuwa mpole, kisha akaanza kulaza masikio mtu akimkaribia na tandiko, amekwisha kusema kwa njia aliyo nayo. Kurusha miguu ni kusema mara ya pili, kwa sauti.

Tapi ya pili ndiyo iliyozidisha. Mtoto kiatu kikimbana, hatumvishi soksi mbili. Tandiko jembamba juu ya mgongo mpana haliketi. Linashikilia kwa ncha mbili za mbele za kiunzi, ule mfupa wa ndani wa tandiko, na ncha hizo zinamdunga nyuma ya mabega. Ukiweka kitambaa kinene umelibana zaidi, tena umeliinua, na kitu kilichoinuliwa juu ya mgongo wa mviringo lazima kiyumbe. Mwalimu wenu alitaka kumpunguzia maumivu, namwelewa, kwa sababu nami nilifanya hivyo hivyo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na jike mmoja wa kahawia. Nilimwekea ngozi ya kondoo chini ya tandiko lililombana, nikaamini nimemtendea wema. Baada ya miezi michache nywele nyeupe zikaota pande zote mbili za nundu, pale shingo inapokutana na mgongo, kila doa kama sarafu. Hazikurudia rangi yake tena. Nywele nyeupe za namna hiyo ni kovu: ngozi ilibanwa hadi damu ikakosa njia, na shina la nywele likaharibika. Mwangalie Mukuba mahali hapo mchana, kwenye mwanga mzuri. Kama ngozi ni nzima, mmewahi.

Kabla ya kulitupia tandiko lawama zote, mwite daktari wa mifugo amtazame meno, mgongo na miguu. Poni anarusha miguu kwa sababu nyingi, na jino lililochongoka linatosha. Mwulize pia binti kama tandiko huwa linaelekea upande mmoja, kushoto kila siku au kulia kila siku. Mwaka 2013 watafiti wawili waliokuwa Uingereza, Line Greve na Sue Dyson, walionyesha kwamba tandiko linaloteleza upande ule ule mara nyingi linatokana na mguu wa nyuma wenye kilema ambacho jicho halikioni. Mguu ukitibiwa, tandiko linakaa. Lakini kwa Mukuba unasema linakwenda mbele, shingoni, na hilo ni jambo lingine. Nitalifikia.

Mpimeni uzito pia, hata bila mizani. Chukua futi ya fundi cherehani, mzungushe kifuani nyuma ya kiwiko, kisha pima urefu wake kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako. Zidisha kipimo cha kifua kwa chenyewe, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880; unapata kilo. Poni mwenye kifua cha sentimita 145 na urefu wa 130 anakuja karibu kilo 230. Wengi wetu tunaofanya kazi hii hatutaki mgongo ubebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wa mnyama, tandiko likiwemo, na kwa mnyama mchanga tunapenda iwe pungufu. Binti wa kilo 36 na tandiko la kilo 6 ni kilo 42, karibu asilimia 18. Hapo tuko ndani, lakini pembeni. Mtu mzima wa kilo 70 asimpande "kumnyoosha", hata dakika tano. Kwa miaka 5 mifupa ya uti wa mgongo bado haijamaliza kufunga. Huwa ndiyo ya mwisho katika mwili mzima wa farasi.

Sasa mgongo wenyewe. Hapa ndipo nataka utumie muda, mama, maana hapa ndipo pesa yako itapona.

Nenda duka la vifaa vya umeme, omba mita moja ya waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, ule wenye uzi mmoja mnene ndani, si ule uliosokotwa nyuzi nyingi. Katika mji wetu wa shaba hautakosa. Nunua chaki pia, na katoni ngumu. Msimamishe Mukuba kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, miguu ya mbele ikiwa sambamba, kichwa kikiwa mahali pake pa kawaida, bila kula. Mtu mmoja amshike, mwingine apime.

Tafuta kwa vidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa bega, uupigie mstari wa chaki. Kisha mwambie binti anyanyue mguu wa mbele wa upande huo na kuuvuta mbele polepole, kama poni anavyofanya akipiga hatua ndefu. Wewe weka mkono wako palepale juu ya chaki. Utausikia mfupa unarudi nyuma, unaingia chini ya kiganja chako, vidole viwili, vitatu. Nimewaona wazazi wakishtuka hapo. Basi kila hatua ya troti, zile mbio za polepole, kila hatua ya galo, mfupa huo unarudi na kugonga ncha ya kiunzi kilichowekwa mbele mno. Ndiyo maana tandiko huanza vidole viwili au vitatu nyuma ya mstari ule wa chaki, na tandiko likiishia shingoni, linakuwa limepanda juu ya bega lenyewe.

Baada ya hapo tafuta ubavu wa mwisho. Farasi ana jozi 18 za mbavu. Anza ubavuni karibu na tumbo, pale mbavu zinapokwisha na nyama laini inapoanza, ufuate ubavu ule wa mwisho kwenda juu na mbele mpaka uti wa mgongo. Piga chaki. Kati ya chaki ya bega, ukiacha vile vidole, na chaki ya ubavu wa mwisho, hiyo tu ndiyo nafasi yenye haki ya kubeba tandiko. Nyuma ya hapo hakuna mbavu za kuubeba uzito, ni kiuno kitupu. Ipime kwa sentimita uiandike. Poni wafupi hawana nafasi kubwa, na mara nyingi hapo ndipo tandiko linaloonekana zuri linapokataliwa.

Kisha waya. Ulaze juu ya mgongo mara tatu kwa upana: vidole viwili nyuma ya chaki ya bega, pale mgongo unapobonyea zaidi, na kwenye ubavu wa mwisho. Mara ya nne uulaze kwa urefu, juu ya uti wa mgongo, kutoka nundu mpaka ubavu wa mwisho. Kila mara ubonyeze ushike umbo, uunyanyue taratibu bila kuupanua, uulaze juu ya katoni, uuzungushie kalamu. Kata. Andika kushoto na kulia, maana karibu kila poni ana bega moja lililojaa kuliko jingine. Tandiko tunalipima kwa bega kubwa. Upande mdogo tunaujazia kitu chembamba.

Ukiishika katoni ya kwanza mkononi utaelewa shida yenu yote. Farasi mwenye nundu ndefu anatoa umbo la paa la nyumba. Mukuba, kwa maelezo yako, atatoa umbo la bakuli lililofunikwa. Matandiko mengi yana kiunzi cha herufi A, kilichotengenezwa kwa ajili ya lile paa. Ukichukua A ukaipanua, bado ni A: inagusa juu na chini, katikati hewa. Poni wa mgongo bapa anataka kiunzi cha upinde, chenye mabega ya mviringo kama mlango wa kanisa la zamani, na mito ya chini isiyoinama sana. Umbo kwanza, upana baadaye. Wauzaji wanazungumzia upana tu kwa sababu upana una herufi.

Na ile herufi M ya Ndola, yaani upana wa kati, haikuambii kitu. Kila mtengenezaji ana M yake. M ya mmoja ni nyembamba ya mwingine. Kwa poni uliyenieleza, sitashangaa akihitaji kipimo kipana kupita vyote walivyo navyo. Inchi 16 nazo ni kipimo cha kiti, kutoka msumari wa pembeni mbele mpaka katikati ya ukingo wa nyuma. Kinamhusu binti. Kinachomhusu Mukuba ni urefu wa mito inayogusa mgongo, na matandiko mawili ya inchi 16 yanaweza kutofautiana kwa vidole kadhaa hapo. Mwombe muuzaji alipindue tandiko, aweke rula juu ya mito, apige picha. Apige nyingine akilitazama kutoka mbele, rula ikiwa kati ya ncha mbili za kiunzi. Apime na mfereji wa katikati, ule unaopita juu ya uti wa mgongo: vidole vitatu au vinne, sentimita 6 mpaka 8, tena mbele mpaka nyuma, si mbele tu. Mwulize mito imejazwa nini. Kama ni sufu, fundi anaweza kuifungua, akapunguza hapa na kuongeza pale. Kama ni sponji, umbo unaloliona ndilo utakalobaki nalo.

Tandiko lililotumika silikatai hata kidogo. Ngozi nzuri ya miaka 20 ni bora kuliko ngozi mbaya ya jana. Lakini kiunzi kilichovunjika hakionekani. Mtu wako wa Ndola aegemeze mbele ya tandiko kwenye tumbo lake, avute ukingo wa nyuma kuelekea kwake. Kiti kikikunjika kama daftari, au kikilia, mwambie asante. Kisha azishike ncha za mbele kwa mikono miwili, azibane na kuzipanua. Zisicheze. Akikataa kufanya hivyo mbele ya simu, usivuke mpaka wa Kasumbalesa kwa ajili yake. Baada ya forodha na usafiri hakuna atakayelirudisha.

Yapo matandiko ya ngozi ya bandia, kama Wintec ya Australia, yenye chuma cha mbele kinachofunguliwa na kubadilishwa kwa kipana au chembamba. Kwa poni anayekua nayapenda, na wakati wa masika ngozi hiyo haioti ukungu kabatini. Ila chuma kile kinabadilisha upana wa mbele peke yake. Umbo la kiunzi na mito linabaki lilivyotoka kiwandani, basi katoni zako bado zina kazi.

Sasa ile safari ya kwenda shingoni. Mkanda wa tumbo una tabia moja: unatafuta mahali pembamba pa kifua, nyuma tu ya kiwiko, ukapumzike hapo. Kwa poni mwenye tumbo la pipa, mahali hapo pako mbele sana. Ufunge wapi utakapo, baada ya dakika kumi mkanda umekwenda mbele, na tandiko limeufuata. Mwangalie Mukuba kwa upande bila tandiko; utaiona ile njia, nywele zimelala, kidole chako kitatumbukia. Halafu weka tandiko mahali pake bila kulifunga, utazame mikanda midogo ya kufungia inaning'inia wapi. Ikining'inia nyuma ya njia ile kwa zaidi ya vidole vitatu, tandiko hilo litakwenda mbele hata likimkaa namna gani.

Dawa yake ni mkanda wa tumbo uliokatwa kwa kupinda, katikati umetangulia mbele, ncha zimerudi nyuma kuacha nafasi ya viwiko. Fundi viatu mzuri wa mtaa wa Kenya anaweza kukushonea kama utampa karatasi ya umbo; mwambie atumie ngozi ya tabaka mbili, nyuzi za nailoni zilizopakwa nta, na asiweke mshono upande unaogusa mwili. Dawa ya pili ni mkanda mdogo unaofungwa kwenye ncha yenyewe ya kiunzi, unaoshika mbele ya tandiko lisipande. Fundi anaweza kuuongeza. Ya tatu ni kamba ya mkia, inayotoka nyuma ya tandiko na kuzunguka chini ya mkia. Kwa poni wa watoto ni msaada wa kweli, lakini mfunze kwanza bila mtoto mgongoni, siku kadhaa, akitembezwa kwa mkono. Wengine wakiisikia mara ya kwanza wanapiga teke. Na kamba ya mkia isitumike kulivuta tandiko lisilomkaa; hapo umehamishia maumivu mkiani.

Tumbo lenyewe pia. Kama anakula pumba za mahindi kila jioni, zipunguze kwa wiki tatu mpaka ziishe, umpe nyasi na chumvi. Pumba zinanenepesha, na fosforasi yake ni nyingi kuliko kalisi, jambo baya kwa mifupa inayokua. Akiwa ameota uvimbe wa mafuta juu ya shingo, kwato zake ziko hatarini, na hilo ni kubwa kuliko tandiko.

Umeona sasa kwa nini nasema Ulaya hapana. Tandiko la kupimwa hugharimu maelfu ya dola, na linapimwa kwa mgongo wa siku ile. Mukuba ana miaka 5. Atapunguza mafuta, ataota misuli kando ya uti wa mgongo, nundu itajitokeza kidogo. Na hapa Lubumbashi kuna jambo ambalo vipimo vya Ulaya havilijui: mwezi wa nane majani yamekauka na poni wamekonda, mwezi wa pili, mvua imenyesha miezi mitatu, wamejaa tena. Nimepima mgongo mmoja misimu hiyo miwili, katoni mbili zikakataa kulingana. Nunua kitu kinachobadilika pamoja naye. La kupimwa tuzungumze akifika miaka 7.

Mazoezi yasisimame. Mzungushe kwa kamba ndefu bila tandiko, dakika 20, pande zote mbili sawa. Laza miti minne chini, aivuke kwa hatua, kisha kwa troti. Hiyo inamwinua mgongo na kumjenga misuli kuliko mzunguko mwingine wowote. Daktari akisema mgongo ni mzima, binti anaweza kumkalia bila tandiko dakika 10, kwa hatua tu. Usimwekee kile kitambaa chenye vikuku vya kukanyagia, kisicho na kiunzi. Mtoto akikanyaga vikuku, uzito wote unashuka kwenye mkanda mmoja mwembamba unaopita juu ya uti wa mgongo.

Siku tandiko litakapofika, liweke bila tapi. Litangulize juu ya nundu, lirudishe nyuma taratibu mpaka lisimame lenyewe. Pitisha kiganja kati ya mto na bega, kutoka juu kwenda chini: lisibane popote kuliko pengine. Chini ya kichwa cha tandiko, ile sehemu ya mbele iliyoinuka, paingie vidole viwili au vitatu. Bonyeza mbele, bonyeza nyuma. Lisicheze kama kiti cha kuyumbia. Sehemu ya chini kabisa ya kiti iwe katikati, binti asimwagike nyuma. Kisha fanya ninavyofanya mimi wakati wa kiangazi. Usimpige brashi Mukuba asubuhi hiyo. Acha lile vumbi letu jekundu lilale mgongoni. Tandaza shuka nyeupe nyembamba, funga tandiko juu yake, binti ampande dakika 15 kwa hatua na troti. Fungua, nyanyua shuka bila kuiburuta, igeuze. Unataka mistari miwili mipana ya wekundu, iliyo sawa kutoka mbele mpaka nyuma, na katikati njia nyeupe ya uti wa mgongo. Ukiona wekundu mbele na nyuma, katikati peupe, tandiko limefanya daraja. Ukiona madoa mawili mazito nyuma ya mabega na kwingine wekundu hafifu, bado ni jembamba, haidhuru limeandikwa herufi gani.

Mwaka wa kwanza rudia waya kila miezi mitatu, uziweke katoni mpya juu ya za zamani. Sufu mpya nayo hulala ikikaliwa. Baada ya wiki chache itahitaji kuongezwa.

Kwa sasa naomba zile katoni nne tu. Andika tarehe juu ya kila moja, kushoto na kulia, weka rula kando, piga picha ukiwa umesimama juu yake moja kwa moja, si kwa pembeni. Nitumie pamoja na picha za muuzaji wa Ndola, akikubali kupiga. Nitaziweka sambamba nikujibu kabla hujamlipa.